Italia kwa gari, na Mama asipike

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu likizo ilikuwa na maana moja: kupanda gari alfajiri kwenda kusalimia ndugu. Paris kwa shangazi, Lille kwa binamu wa Baba, mara moja Lyon kwenye harusi. Buti lilijaa unga wa bugali, sombe iliyogandishwa na makayabo kutoka Matonge, kana kwamba Ufaransa haina maduka. Tukifika, wanaume walikaa sebuleni, Mama akajifunga kitenge akaingia jikoni na wenyeji wake. Tulirudi Brussels Jumapili usiku, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini. Mwaka huu sisi wawili, dada na kaka, tulikaa tukahesabu. Hatukupata likizo hata moja ambayo Mama hakupika.

Basi mwezi wa kwanza tulitangaza mezani: mwezi wa saba tunaenda Italia, watu saba, siku kumi, na hatumtembelei mtu. Kimya. Kisha Koko (ndivyo tunavyomwita bibi; mnaotoka pwani mtuvumilie) akauliza, "Na kama hatuko na mtu kule, tunaenda kufanya nini?"

Tulikosa jibu, tukafungua ramani.

Tarehe ilitutesa kuliko ramani. Mdogo wetu wa kiume anasoma shule ya Kiholanzi na wa kike shule ya Kifaransa, na tangu 2022 kalenda za shule hizo hazilingani. Julai angalau wote wawili wako nyumbani. Halafu karatasi. Watano kati yetu tuna pasi za Ubelgiji, lakini Mama na Koko wanasafiria pasi za Kongo pamoja na kadi za ukaazi. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, ila imo Schengen tangu 2008, kwa hiyo kadi ya Ubelgiji inatosha kupita mradi pasi na kadi zote ziwe hazijaisha muda. Kadi ya Koko inaisha Agosti. Wenzetu darasani huchagua tarehe kwa kuangalia hali ya hewa na bei. Sisi tuliangalia nyuma ya kadi.

Baba, dereva wa kweli wa Kongo, alisema Italia ni usiku mmoja tu: "Naondoka saa mbili usiku, asubuhi mnakunywa kahawa Milano." Ni karibu kilomita 900. Tulikataa, na Mama akatuunga mkono kwa mara ya kwanza. Tutatoka Brussels Jumanne, tuweke mafuta Luxembourg ambako ni rahisi zaidi, tulale karibu na Colmar. Jumatano tunavuka Uswisi. Stika ya barabara kuu ni faranga 40, na siku hizi unaweza kuinunua kwenye intaneti kabla ya kuondoka. Handaki la Gotthard lina urefu wa karibu kilomita 17, na Jumamosi za kiangazi foleni yake ni ya kulia, ndiyo maana tukachagua katikati ya wiki. Usiku wa pili Como, kando ya ziwa. Alhamisi mchana tuko karibu na Lucca, na hapo gari linapumzika nasi.

Usiku tano mahali pamoja! Hapo ndipo tulipogombana zaidi. Mdogo wetu anataka Roma, mwingine Venezia, na Baba aliandika orodha ya miji sita. Tuliikata yote. Tumepata nyumba ya shambani yenye miti ya mizeituni na meza nje, na mapishi tumegawana kwa zamu: Baba siku mbili, sisi mbili, siku ya mwisho tunakula mkahawani. Lucca imezungukwa na ukuta wa zamani wa kilomita nne hivi, mpana, wenye miti juu yake, na watu hutembea pale au kuendesha baiskeli. Koko atapata benchi na kivuli. Gari tutaliacha nje ya ukuta, kwa sababu miji ya Italia ina maeneo yaitwayo ZTL, ambako magari ya wageni hayaruhusiwi na kamera hupiga picha namba ya gari. Huoni polisi wala husikii filimbi. Faini inakufuata Brussels miezi kadhaa baadaye, wakati umeshasahau hata ladha ya aiskrimu. Mistari ya maegesho tumewafundisha wote: nyeupe bure, buluu unalipa, njano usiguse.

Kisha Baba, akiangalia ramani, akaona kwamba kutoka Lucca hadi Pisa ni kama kilomita 20, akanyamaza. Yeye ni mtu wa Kindu. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliuawa Kindu. Walikuwa wamekuja na ndege mbili za C-119 kuwaletea mahitaji askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya. Waliowaua ni wanajeshi wa Kongo waliowadhania Wabelgiji. Kikosi chao kilikuwa cha Pisa, na kumbukumbu yao iko huko, karibu na uwanja wa ndege. Miji mingi ya Italia ina mtaa wenye jina la Kindu. Sisi hatukuwahi kusikia habari hii, si shuleni wala nyumbani.

Mwaka ule Koko alikuwa msichana mdogo, Kindu. Tuliogopa kumwambia, tukaona ni jambo zito mno kwa safari tuliyoiita ya kupumzika. Baba ndiye aliyemwambia, jikoni, kwa sauti ya chini. Koko alikaa kimya hadi chai yake ikapoa. Halafu akasema, "Basi kule tuko na watu."

Kwa hiyo Jumapili asubuhi tutakwenda Pisa na maua. Mnara ulioinama tutauona baadaye, kama Koko hatachoka. Hatujui atatuambia nini pale, na tumekubaliana kutomuuliza.

Kilichobaki ni buti. Baba ameshakubali kupunguza unga hadi kilo tano. Mazungumzo kuhusu makayabo bado yanaendelea, na Mama anasema hayamhusu.