Nguo za Kuendeshea Baiskeli Wakati wa Baridi



Kila ifikapo Juni hadi Agosti ukungu huifunika milima ya Usambara asubuhi, na watoto waendao chuoni kwa baiskeli huvalishwa kila kilichomo sandukuni: fulana ya pamba, shati, sweta, na juu yake koti zito la mtumba. Hata hivyo mtoto huyo hufika anatetemeka, akakaa darasani amejikunyata. Je, nguo zote hizo zimefanya kazi gani?

Adui hapa ni jasho. Chukua mfano wa anayepanda kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba. Kilima kile humtoa mtu jasho hata kukiwa na baridi, na koti zito huliongeza. Fulana ya pamba hulinywa jasho lote na kukaa nalo, imegandamana na mgongo. Wakati wa kurudi ni mteremko mtupu: miguu haifanyi kazi, mwili hautoi joto, na upepo unampiga kifuani. Maji huondoa joto mwilini kwa haraka mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Tena gramu 1 tu ya jasho ikikauka huchukua joto linaloweza kupoza nusu lita ya maji kwa zaidi ya digrii 1. Upepo nao una hesabu yake: hewa ikiwa nyuzi 10, anayeteremka kwa kilomita 40 kwa saa huhisi usoni kama nyuzi 6.

Kwa hiyo nguo ya kuchagua kwanza ni ile inayogusa ngozi, wala si koti. Nayo haina gharama. Jezi ya mpira mliyonayo nyumbani imefumwa kwa poliesta, na nyuzi zake hunywa maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Jasho hupita katikati ya nyuzi, likatoka upande wa nje na kukaukia huko. Akina mama wanaofua wanalijua hili zamani: jezi na fulana ya pamba zikianikwa pamoja, jezi huanuliwa mapema. Ivaliwe ikiwa imebana kidogo, kwani ikipwaya hailifikii jasho.

Juu yake vaa sweta la sufu. Sufu ina ajabu yake. Inaweza kubeba unyevu karibu theluthi ya uzito wake bila aliyeivaa kuhisi majimaji. Mnapochagua mitumba someni lebo ya ndani: “wool” ni sufu, “cotton” ni pamba. Sweta nyingi zinazoitwa za sufu sokoni ni akriliki. Zinafaa pia, ila si sawa.

Nguo ya nje kazi yake ni kuzuia upepo tu, basi jaketi jepesi lenye zipu linatosha. Fungua zipu wakati wa kupanda, ifunge kabla ya kuteremka. Asiye na jaketi aweke gazeti kifuani chini ya sweta. Waendeshaji wa mashindano ya Tour de France walifanya hivyo miaka mingi walipofika vilele vya milima. (Liwe gazeti la kawaida, si karatasi za chuo zenye aya!)

Mikono isisahauliwe, na hapa wazazi tusifanye mzaha. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki sawasawa, na mteremko una kona. Glavu za sufu zinafaa. Zikikosekana, soksi nene mikononi si aibu, mradi umejaribu kwanza kama unaweza kushika breki.

Kanzu ikunjwe ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na fulana kavu, ivaliwe baada ya kufika. Kanzu ndefu kwenye baiskeli hukamatwa na cheni. Kwa mabinti, baibui lipandishwe na kufungwa kiunoni juu ya suruali pana iliyobanwa vifundoni, na baiskeli iwe na kinga ya cheni. Ncha za mtandio zichomekwe ndani ya sweta. Hapo huziba shingo na masikio vizuri kuliko kofia zetu sisi wanaume.

Ukifika, vua kwanza jezi yenye unyevu, vaa fulana kavu, ndipo uvae kanzu. Hapo pamba inafaa kabisa, kwa sababu hutokwi jasho tena. Jezi itundikwe dirishani. Mpaka darasa liishe itakuwa karibu imekauka kwa safari ya kurudi.