Spea za Pikipiki Zinazovunjika Katika Mbio

Vijana wengi wa pwani siku hizi, wa shule na waliokwisha toka shule, wanajua kuendesha pikipiki. Nchini Kenya, tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipopunguzwa mwaka 2008, kazi ya bodaboda imeenea mpaka vijijini, na wenzetu wengi wa zamani wamepata riziki kwayo. Lakini wako wasiotosheka na barabara, nao hupenda mbio. Nairobi upo uwanja wa Jamhuri Park, na Uganda kuna Garuga na Busiika. Huko ndiko spea huvunjika ovyo, hasa zile zisizotoka katika kiwanda kilichounda pikipiki yenyewe. Nataka kueleza kwa nini huvunjika, jinsi ya kuzichagua na kuzikagua, na la kufanya zikivunjika. Jambo hili si la mchezo tu, maana kipande kinachoenea kiganjani chaweza kuamua kama mtu atarudi kwao kwa miguu yake au kwa machela.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Spea ni za namna tatu. Ya kwanza ni spea ya asili, au orijino kama wasemavyo mafundi, iliyotoka kwa muundaji wa pikipiki. Ya pili imetengenezwa na kiwanda kingine, nayo ina jina la kiwanda hicho juu ya boksi. Hii si haramu, wala si lazima iwe mbaya; washindani wakubwa wa dunia hununua spea za namna hii kwa sababu nyingine ni nyepesi au imara kuliko za asili. Ya tatu ni bandia: imevaa jina la mwenzake kama mwizi aliyevaa kanzu ya mtu mwingine. Kenya ilitunga sheria ya kupinga bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila duka. Ubaya wa bandia hauko katika bei yake. Ubaya wake ni kwamba ikivunjika hakuna mtu wa kuulizwa, maana aliyeitengeneza alijificha tangu mwanzo.

Huenda msomaji akauliza: mbona spea iyo hiyo hudumu mwaka mzima barabarani, kisha uwanjani ikavunjika siku moja? Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni joto. Pikipiki inaposimamishwa, mwendo wake wote hugeuka kuwa joto ndani ya breki. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Mtu anayefunga breki katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa huzitwisha breki zake mzigo mara nne kuliko anayefunga katika mwendo wa 40, naye uwanjani hufanya hivyo katika kila kona, mzunguko baada ya mzunguko. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa, na yakiisha kufyonza kiasi kile kinachotumiwa katika kipimo, yaweza kuchemka kwa nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa. Basi mkono wa breki huzama mpaka kwenye usukani na pikipiki haisimami.

Sababu ya pili ni mtetemo. Injini inayozunguka mara 8,000 kwa dakika huzunguka mara zaidi ya 130 katika kila nukta moja. Katika mbio za dakika 20 hiyo ni mizunguko 160,000, na kila mzunguko huzitikisa nati, bolti na vikanyagio. Sababu ya tatu ni kuanguka. Barabarani mtu huomba asianguke kabisa; uwanjani kuanguka ni sehemu ya kujifunza, na kila anguko huacha alama hata kama jicho haliioni.

Mtetemo ndio unaotuleta kwenye jambo kubwa, nalo ni uchovu wa chuma. Chukua kipande cha waya, ukikunje mara moja. Hakivunjiki. Kikunje huku na huku mara nyingi, nacho kitakatika, ingawa nguvu ya mkono wako haikuzidi ile ya mara ya kwanza. Hivyo chuma huchoka. Watu walilijua jambo hili kwa msiba. Mwezi wa Mei mwaka 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya kichwa cha gari moshi ilivunjika, mabehewa yakapandana na kushika moto, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye mhandisi wa reli za Prussia, August Wöhler, alizipima ekseli kwa miaka mingi, akatoa majibu yake mwaka 1870. Aliona kwamba chuma kikibebeshwa mzigo mdogo tena na tena huweza kuvunjika, ingawa mzigo huo haukitishi kwa mara moja. Aliona pia kwamba upo mpaka ambao chini yake chuma cha pua hustahimili, hata mzigo ukirudiwa mara nyingi mno.

Hapa ndipo mkono wa breki na kikanyagio cha kununua vinapotofautiana na ekseli. Ekseli ni ya pua. Hivyo viwili mara nyingi ni vya aluminiamu, na aluminiamu haina mpaka ule wa Wöhler. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, siku moja utaimaliza. Kwa hiyo kikanyagio cha aluminiamu cha mtu wa mbio kina umri kama tairi, na mwenye akili hukibadili kabla hakijamwaga.

Tena kuna namna ya kutengeneza. Spea ya bei ndogo mara nyingi ni ya kusubu, yaani madini yameyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kazi ikifanywa kwa haraka, vipovu vya hewa hubaki ndani kama matundu ya kitumbua, na kila tundu ni mwanzo wa ufa. Spea iliyofuliwa kwa nyundo kubwa za mashine haina matundu hayo, na huwa imara zaidi. Tazama pia kona zake. Mwenye duka la nguo akitaka kupasua kitambaa hukikata kidogo ukingoni kwa mkasi, kisha hukivuta kikachanika chote. Kona kali, mkwaruzo wa tupa, au herufi zilizogongwa kwa kina hufanya kazi ya mkasi ule. Spea nzuri ina kona za mviringo kila mahali inapobeba mzigo.

Sasa na tuseme spea imekwisha vunjika. Usiitupe, maana mvunjiko husomeka kama kitabu. Sisi tuliozaliwa pwani tunajua mistari ambayo maji huiacha juu ya mchanga yanapokupwa, mmoja nyuma ya mwingine. Uso wa chuma kilichovunjika kwa uchovu mara nyingi una mistari kama hiyo, imeanzia mahali pamoja na kuenea kama viwimbi. Sehemu hiyo huwa laini, pengine imeingia uchafu au kutu, dalili kwamba ufa ulikuwako siku nyingi. Upande wa pili huwa na chembechembe zenye kumetameta. Hapo ndipo palipokatika mara moja, baada ya chuma kilichobaki kushindwa. Kama uso wote ni wa chembechembe, spea haikuchoka. Ilipigwa au ilizidiwa siku ile ile. Kama kuna matundu meusi ndani, kosa ni la aliyesubu. Kwa njia hiyo mtu hujua kama ailaumu spea, anguko, au bolti iliyokazwa vibaya. Usivisugue vile vipande viwili kwa kuvirudishia pamoja, maana utaifuta mistari yenyewe.

Kuukagua ufa kabla ya mvunjiko hakuhitaji mashine. Safisha spea, itie katika mafuta ya taa kwa muda, kisha ifute kabisa na kuipaka unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia katika ufa yatatoka polepole na kuandika mstari mweusimweusi juu ya chaki. Mafundi wa reli walitumia njia ya namna hii zamani, tena waliyagonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio, kama mama anavyougonga mtungi sokoni kabla ya kuununua.

Lakini tusidhani kwamba kila kivunjikacho ni kibaya. Kwetu Kudha, na katika visiwa vyote vya Wabajuni, wavuvi hutumia mashine za kufunga nyuma ya mashua. Katika mashine nyingi ndogo za namna hiyo kuna pini moja inayoishika rafadha. Pini hiyo ni laini kwa makusudi. Rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika, na gia za ndani husalimika. Mvuvi hutia pini nyingine na kwenda zake. Mtu akichoka kununua pini akatia msumari mgumu, siku ya mwamba msumari utabaki mzima na gia zitasagika, naye atarudi kwa kasia kama hakuchukuliwa na mkondo. Pikipiki nayo iko hivyo. Mikono mingi ya breki ina mkato karibu na ncha, ili pikipiki ikianguka ivunjike ncha tu na kibaki kipande cha kutosha vidole viwili. Mtu anayenunua mkono mnene usiokatika huenda akavunja kibano kizima na kupoteza breki yote. Kwa hiyo wakimbiaji wa njia za udongo hawakikazi sana kibano hicho. Hukikaza kiasi cha kushika, ili mkono ukigonga chini uzunguke badala ya kuvunjika.

Basi tununue nini? Mtu mwenye fedha chache na asiwe na haya kununua vitu rahisi pale ambapo kuvunjika hakuumizi: madigadi, kifuniko cha kiti, plastiki za ubavuni. Lakini breki, cheni, ekseli, rimu na spoki, usukani, vikanyagio na tairi si mahali pa kubana senti. Ukikosa ya asili, nunua ya kiwanda chenye jina na anwani, udai risiti. Cheni yenye klipu ifungwe hivi: upande wa klipu usio na mwanya utazame mbele, kule cheni inakokwenda. Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, lililoanzishwa mwaka 1904, hutaka ncha za mikono ya breki na klachi ziwe na tufe ili zisimchome mtu, na katika mbio za lami hutaka bolti za mafuta zifungwe kwa waya zisilegee. Kanuni hizo hazigharimu kitu kikubwa, nasi twaweza kuzifuata hata katika mbio za kijijini.

Spea ikivunjika katikati ya mbio, kwanza usikate njia ghafula, maana walio nyuma hawajui lililokupata. Inua mkono, shika mstari wako, kisha toka polepole ukingoni. Breki ya mbele ikizama, ipige haraka mara mbili tatu, tumia ya nyuma na ushushe gia. Mafuta ya injini yakinasa, vuta klachi na uzime injini. Kama injini inavuja oili, simama mara moja nje ya njia. Usijaribu kumaliza mzunguko, kwa kuwa tone lako ni anguko la mwenzako. Ukiisha toka, kaa nyuma ya kizuizi. Baadaye okota vipande, andika tarehe na muda vilivyotumika, na ubadili pia pacha wa kile kilichovunjika, maana vilichoka pamoja. Mkono wa aluminiamu usiuchomelee na kurudi nao mbioni. Moto wa kuchomelea huidhoofisha aluminiamu pembeni mwa kiungo.

Wala asidhani mtu kwamba fedha peke yake ni kinga. Tarehe 23 Agosti 2020, katika uwanja wa Red Bull Ring nchini Austria, Maverick Viñales, mkimbiaji wa daraja la juu kabisa la MotoGP, alikuwa na vyombo ambavyo sisi hatutavigusa. Breki zake zilipata moto kupita kiasi, zikamtupa mkono. Aliruka kutoka juu ya pikipiki ikiwa katika mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Yeye aliinuka mzima, na pikipiki ikagonga kizuizi na kuwaka. Katika mizunguko iliyotangulia alikuwa ameona breki zinazidi kudhoofika. Kilichomwokoa mwishoni si bei ya spea, bali kuitambua hatari na kuamua upesi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukuta huonekana na kila apitaye njiani, lakini ufa wa kikanyagio humwonyesha sura yake yule tu aliyeketi jioni na kitambaa, mafuta ya taa na chaki. Wenzangu wanaopenda mbio, na wale wa zamani wanaobeba abiria kila siku, na watenge jioni moja katika juma kwa kazi hiyo.