Mtoto kafaulu sana: aombe kozi ngumu au achukue ya karibu?

Alizeti ilikuwa imeshavunwa na magunia yamepangwa ukutani kusubiri bei ipande. Lakini katika nyumba moja wilayani Ikungi, mkoani Singida, mazungumzo ya jioni hiyo hayakuwa ya bei. Binti wa kwanza wa familia alikuwa amepata daraja la kwanza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaostahili kuomba Samia Skolashipu.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu ikaingia hofu.

Baba alitaka aombe udaktari Muhimbili, Dar es Salaam. Mama alitaka kitu cha karibu: ualimu wa sayansi Dodoma, ambako mjomba wake anaishi. Miaka mitatu, amalize, aje asaidie kusomesha wadogo zake. Binti alikaa kimya mpaka alipoulizwa.

“Baba, nikiomba nikakosa, mtaa mzima utajua,” alisema. “Na nikipata halafu nikashindwa kufikisha alama wanazotaka, hiyo ada mtaitoa wapi?”

Ni swali linaloulizwa kwenye nyumba nyingi kila Julai, matokeo yakitoka. Baadhi ya vyuo vya Marekani vina programu maalumu za wanafunzi bora ndani ya chuo, na mwanafunzi huamua kama ataomba kuingia. Kwa mzazi wa Tanzania, uamuzi unaofanana na huo huja mapema zaidi: mtoto aombe kozi yenye ushindani mkubwa na ufadhili wenye masharti, au achukue njia iliyozoeleka?

Kuomba si kukubali

Samia Skolashipu ilianza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Tofauti yake na mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ni kubwa. Mkopo hurejeshwa, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ufadhili haurejeshwi.

Kosa la kwanza la familia hii lilikuwa kudhani kwamba kuomba Muhimbili ni kuipoteza Dodoma. Sivyo. Kwa utaratibu wa sasa, mwombaji anatuma maombi moja kwa moja kwenye vyuo, na anaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja. Akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, anathibitisha kimoja. Hapo ndipo uamuzi mkubwa unapofanyika, si siku ya kuomba.

Gharama ya kuomba ipo, lakini inajulikana: ada ya maombi ya kila chuo, nauli ya kwenda steshenari, na muda. Muda ndio unaowaangusha wengi. Wanaoomba mkopo hutakiwa kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, na anayesubiri wiki ya mwisho anaweza kukuta mfumo umezidiwa. Dirisha likifungwa, hakuna tena cha kujadili nyumbani.

Akiteleza itakuwaje?

Hofu ya binti kuhusu alama haikuwa ya kitoto. Ufadhili wa aina hii huendelea kwa anayedumisha kiwango cha ufaulu kilichowekwa. Ndiyo maana mwongozo unapaswa kusomwa na mzazi na mtoto pamoja, kabla ya kuthibitisha, na swali la kutafuta ni moja: mwaka akiteleza, nini kinafuata?

Jibu si lazima liwe kurudi nyumbani. Bodi ya Mikopo hupokea pia maombi ya wanafunzi wanaoendelea na masomo ambao hawana mkopo, ingawa kupata hakuna uhakika. Familia inayojua hilo mapema haitashtuka sana siku ya shida.

Mzazi ajue pia mtoto anaingia wapi. Kwa shahada nyingi nchini, GPA ya 4.4 hadi 5.0 ndiyo daraja la kwanza, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Udaktari wa binadamu ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ualimu wa sayansi ni miaka mitatu. Kwa familia inayotegemea alizeti na kuku, tofauti hiyo ya miaka mitatu ni mzigo halisi, na mama hakukosea kuitaja.

Afya ya mtoto nayo ihesabiwe

Kuna jambo moja halimo kwenye fomu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi anafika chuoni na kukuta kila aliyeketi karibu naye naye alikuwa wa kwanza. Kwa mara ya kwanza anapata C. Kama amefundishwa kwamba thamani yake ni alama, C hiyo inaweza kumkosesha usingizi.

Kijana wa umri huo anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa usiku. Mzazi aliye mbali anaweza kusikia dalili kwenye simu: mtoto hapigi tena, anajibu kwa mkato, hali, halali, au anasema hakuna anachokifurahia. Hali hiyo ikifika wiki mbili, asiambiwe “kaza buti”. Ashauriwe aende kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, na mzazi afuatilie kama amekwenda. Akizungumzia kutaka kufa au kujidhuru, zisisubiriwe wiki mbili. Asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na salamu nazo zibadilike. Kabla ya “GPA ngapi?”, iulizwe “umekula?”

Walivyoamua

Jioni ya nne baba aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: “Mwanangu, wewe mwenyewe unataka nini?” Binti alijibu kwamba anautaka udaktari tangu alipokuwa kidato cha pili, ila anaogopa kuwaingiza kwenye deni.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo pengine yalifanya kazi kuliko mwongozo wote: “Ukishindwa, hapa ni kwenu. Hatutakucheka.”

Asubuhi aliuza majogoo wawili. Binti akaenda steshenari ya barabarani, akaomba udaktari Muhimbili na ualimu wa sayansi Dodoma, kisha akajaza fomu ya ufadhili siku hiyo hiyo. Walikubaliana kwamba majina yakitoka watakaa tena, watasoma masharti mstari kwa mstari, na neno la mwisho litakuwa la atakayekwenda kusoma.

Majibu bado. Magunia ya alizeti nayo bado yako ukutani. Mama amesema hayatauzwa yote mpaka ijulikane nauli ni ya Dodoma au ya Dar es Salaam.