Kukosekana kwa Mtandao wa Nyumbani Baada ya Kusakinisha Upya Mfumo wa Uendeshaji wa Kompyuta

Kompyuta iliyosakinishwa upya mfumo wa uendeshaji inaposhindwa kuunganishwa na mtandao wa nyumbani, watumiaji wengi huilaumu ruta na kuirejesha katika hali ya kiwandani. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya kosa hilo. Ruta ilipoteza jina na nywila zilizowekwa na fundi wa kampuni ya intaneti, na kaya nzima ikakaa siku kadhaa bila mtandao, ilhali kilichokosekana kilikuwa kiendeshi cha kadi ya Wi-Fi tu. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichobadilika ni kompyuta. Hivyo basi, uchunguzi sharti uanzie hapo. Simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile ikifungua kurasa huku data zake zimezimwa, ruta haina kosa.

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa. Windows huja na viendeshi vingi, lakini si vya kila kadi. Orodha ya mitandao isipoonekana kabisa, hiki ndicho cha kushukiwa kwanza. Ugumu ni kwamba kiendeshi hupatikana katika intaneti, nayo intaneti haipatikani bila kiendeshi. Njia ya kujikwamua ni kukipakua kwa kompyuta nyingine na kukihamisha kwa flashi.

Kadi ikifanya kazi, amri ya ipconfig huonyesha anwani ya kompyuta. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza na 192.168. Anwani inayoanza na 169.254 ina maana kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Anwani ikiwa sahihi lakini kurasa hazifunguki, amri ya ping ielekezwe kwa 8.8.8.8, kisha kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likashindwa kutambuliwa, kasoro imo katika huduma ya kutafsiri majina. Aidha, saa ya kompyuta ikaguliwe: tarehe iliyopotoka huifanya kompyuta ikatae vyeti vya usalama vya tovuti.

Tatizo gumu zaidi hujitokeza pale intaneti inapopatikana lakini diski ya pamoja ya nyumbani, penye picha za familia au rasimu ya tasnifu, haifunguki. Mtumiaji hudhani faili zimefutika. Kwa kawaida zipo salama. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, lililotolewa mwaka 2017, usakinishaji mpya hauweki itifaki ya SMB1, ambayo baadhi ya diski za zamani haziijui nyingine. Kompyuta iliyopandishwa toleo bila kufutwa iliweza kubaki nayo. Ndiyo maana kompyuta mbili za nyumba moja, zenye toleo lilelile, zinaweza kutofautiana.

Itifaki hiyo inaweza kurejeshwa kupitia orodha ya vipengele vya hiari vya Windows. Hata hivyo, udhaifu wake ndio uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017. Kwa maoni ya mwandishi, iwashwe kwa muda wa kunakili faili tu, kisha iondolewe, na diski hiyo isasishwe programu zake au ibadilishwe.