Je, Wajua? Ukuta na Maji Visipoelewana

Je, wajua kuwa maji ya bwawa la Turkwel huanzia Mlima Elgon, jirani yetu hapa Matisi, karibu na Kitale? Huko juu mto huitwa Suam. Kule Pokot Magharibi umezuiwa na ukuta wa zege uliopinda, kimo chake mita 153, uliokamilika 1991.

Je, wajua kuwa ukuta huo haujatulia tuli? Kila mita 10 za kina huongeza msukumo wa takriban tani 10 kwa kila mita mraba. Ukuta hunepa kidogo, maji nayo husogea.

Je, wajua kuwa mhandisi anayeiga hali hiyo kwenye kompyuta mara nyingi huhitaji programu mbili? Ya maji hutoa shinikizo, ya ukuta hujibu kwa kunepa, kisha maji huhesabiwa upya. Zisipokubaliana, namba hupaa na kazi husimama. Mara nyingi kila programu ni nzima. Ugonjwa uko kwenye makabidhiano.

Je, wajua kuwa kufupisha hatua za muda za hesabu hizo, dawa ya kila mwanafunzi, hapa huweza kuzidisha ugonjwa? Watafiti Causin, Gerbeau na Nobile walieleza sababu mwaka 2005. Kitu kikitikisika ndani ya maji huyaburuta, na maji hayashindiliki kirahisi. Katika hesabu hizi damu na mshipa ndio wasumbufu wakubwa, maana kwa ujazo uleule uzito wao unakaribiana. Mabawa ya mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani yana nafuu: hewa ni nyepesi. (Nafuu ya hesabu tu! Upepo ndio ulioangusha daraja la Tacoma Narrows, Marekani, 7 Novemba 1940.)

Je, wajua kuwa mtaalamu Westergaard aliupigia hesabu mzigo huo wa maji yanayoburutwa kwenye bwawa wakati wa tetemeko mwaka 1933, bila kompyuta?

Je, wajua dawa ya ugonjwa huo wa makabidhiano? Usilipokee jibu lote la programu nyingine. Chukua sehemu tu, kama mnunuzi wa soko la Kitale anayepandisha bei kidogo kidogo. Mbinu ya mwanahisabati Aitken, mzaliwa wa New Zealand, huamua kila mara sehemu hiyo iwe kubwa kiasi gani.

Je, wajua cha kukagua kabla ya yote hayo? Vipimo. Programu moja inasoma mita, nyingine milimita, na hakuna inayolalamika.