Mtoto wa Udongo

Katika filamu fupi 6 za ngano za Afrika zilizotolewa na Netflix pamoja na UNESCO mwaka 2023, iliyotugusa zaidi ni "Katope" ya Mtanzania mwenzetu, Walt Mzengi Corey. Mwanamke mwenye hamu ya mtoto amfinyanga wake kwa udongo. Ukame uingiapo, binti huyo ashika safari kuiokoa nchi, hata kwa kuutoa uhai wake. Hapa Ufipa, ambako wazee walijenga kwa udongo matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, hadithi hiyo haihitaji mkalimani.

Lakini ndugu mfanyakazi wa Kizwite ataionaje? Ada ni ya kila mwezi, na kifurushi cha intaneti juu yake! Ngano za bibi zetu zilisimuliwa bure. Twataka filamu hii itundikiwe turubai uwanjani, jioni, watoto wakae mbele.