Nyama ya Jana

Kabla jua halijapanda, bodaboda zenye masanduku ya bati nyuma huwa zimekwisha kupenya katikati ya matatu za Waiyaki Way na kuingia mtaa wa Uthiru, Nairobi. Ndani ya masanduku mna mapaja, mbavu na mabega ya ng'ombe waliochinjwa usiku, wengi wao katika vichinjio vya Dagoretti, mwendo mfupi upande wa kusini. Saa mbili asubuhi nyama imeshatundikwa kwenye kulabu nyuma ya kioo, na mteja wa kwanza anaingia na swali ambalo kila mwenye bucha amelizoea: "Ni ya leo?"

Akiambiwa ndiyo, anatulia na kuagiza nusu kilo. Swali hilo lina historia yake. Katika mtaa ambao nyumba nyingi zilikaa miaka mingi bila friji, na bucha nyingi vilevile, nyama iliyolala ilikuwa nyama iliyoanza kuharibika. Lakini mtu anayetaka nyama laini ya ng'ombe anafaa kufurahi akijibiwa: "Hapana mama, hii ni ya jana, ililala kwenye baridi."

Sababu imo ndani ya msuli wenyewe. Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake hukakamaa kwa saa nyingi, hata siku nzima. Ikipikwa wakati huo huwa ngumu, na mpishi humlaumu ng'ombe, jiko au sufuria. Baadaye vimeng'enya vilivyomo kwenye nyama huanza kukata nyuzi za msuli kidogokidogo, na nyama hulegea. Kazi hiyo huhitaji baridi ya nyuzi sifuri hadi nne hivi na muda wa kutosha: siku mbili tatu huleta tofauti, wiki moja huleta kubwa zaidi, na bucha za kifahari duniani hungoja hata wiki tatu. Anayengoja hulipia subira yake, kwa kuwa nyama hupoteza maji na kupungua uzito, na ngozi kavu inayojitengeneza nje hukatwa na kutupwa. Kwa mwenye bucha ndogo anayelipia umeme kwa tokeni, kila kilo iliyokauka kwenye kulabu ni pesa zilizopotea.

Kuna kosa jingine linalofanywa nyumbani, tena na watu waangalifu. Mama ananunua kilo tatu asubuhi, nyama bado ina joto la mnyama, anafika nyumbani na kuitia moja kwa moja kwenye friza ili isiharibike. Msuli unaopoa ghafla kabla haujamaliza kukakamaa hujikunja kwa nguvu. Ukigandishwa katika hali hiyo, siku ya kuyeyushwa hujikunja tena na kumwaga maji mengi mekundu, na hata saa tatu za kuchemsha huenda zisiutoshe. Nyama ya namna hiyo ni afadhali ipikwe mchana uleule, hata ikiwa ngumu kidogo, au inunuliwe ikiwa imekwisha kupoa na kulala kwenye kulabu ya bucha.

Zaidi ya muda, kuna kisu. Katika bucha nyingi za Uthiru, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Nairobi, bei za nyama ya ng'ombe ni mbili: ya mfupa na ya steki. Paja na bega huingia kwenye mzani mmoja. Hata sarara, ule msuli wa chini ya uti wa mgongo ambao mnyama hautumii kwa kazi ngumu, huweza kuishia kwenye mchuzi pamoja na shingo. Mwenye bucha anayejua kufuata utando unaotenganisha msuli na msuli, akitumia kisu chembamba badala ya panga na gogo, halipwi hata shilingi moja zaidi kwa ujuzi huo, na ndiyo maana wanaoujua ni wachache. Katikati ya jiji, katika City Market ya Mtaa wa Muindi Mbingu, jengo la miaka ya 1930, wauza nyama wamekuwa wakitenganisha sehemu za mnyama kwa muda mrefu, kwa sababu wateja wao walizitaja kwa majina. Mteja wa Uthiru naye anaweza kuanza hivyo. Akisema nyama ni ya kuchemsha na atangoja, apewe kidari, shingo au mguu wa chini, wenye ladha nzito kuliko steki yoyote. Akisema ni ya kukaanga haraka, apewe sarara au nyama ya mgongo, ikatwe kukingama nyuzi zake.

Macho nayo hudanganya. Wengi huamini kwamba wekundu mkali ni dalili ya ubora. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa na rangi ya zambarau iliyokolea, hugeuka nyekundu baada ya kukutana na hewa, kisha hugeuka kahawia kadiri muda unavyopita. Nyama iliyo nyeusi na yenye kunata tangu mwanzo ni jambo jingine: mara nyingi ni ya mnyama aliyesafirishwa mbali na kuchoka mno kabla ya kuchinjwa, na huharibika upesi. Mafuta ya manjano, ambayo wengine huyakataa, kwa kawaida ni alama ya ng'ombe aliyekula majani, kama wengi wanaotoka Kajiado na Narok.

Julai 2019 kituo cha televisheni cha NTV kilirusha uchunguzi kuhusu kemikali inayotumika kuihifadhi nyama na kuiacha na wekundu wa kupendeza hata baada ya muda wake kupita. Nchi ilishtuka. Wengi waliacha nyama ya supamaketi na kurudi kwenye bucha za mitaani, na kipimo kikawa nzi: nyama inayokimbiwa na nzi ina dawa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini kipimo hicho ni kibaya, kwa kuwa nzi aliyetoka jalalani huja na vijidudu vyake. Kitu cha kutafuta ni muhuri wa mkaguzi. Sheria ya Kudhibiti Nyama ya mwaka 1972 inataka mnyama akaguliwe akiwa hai na baada ya kuchinjwa, na nyama iliyopita ukaguzi hupigwa muhuri wa wino. Mwenye bucha mwaminifu hakereki akiombwa kugeuza paja ili muhuri uonekane.

Uthiru ina sababu ya pekee ya kujua umuhimu wa ukaguzi huo. Kando ya Barabara ya Naivasha ndipo yalipo makao ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na jirani zake ni maabara za mifugo za Kabete, ambako homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1931. Ugonjwa huo huwapata hasa wanaoshika damu na nyama mbichi ya mnyama aliyeambukizwa. Ulipozuka Garissa mwishoni mwa 2006 uliua zaidi ya watu 100 nchini, na Nairobi ikaikimbia nyama nyekundu kwa wiki kadhaa, ingawa nyama iliyokaguliwa na kuiva vizuri haikuwa tishio kwa mlaji.

Watafiti wa ILRI wametumia miaka mingi kupima vyakula vya masoko madogo, na kitabu kilichohaririwa na Kristina Roesel na Delia Grace mwaka 2014 kinabeba hoja yao kuu: vijidudu kuwamo kwenye nyama mbichi hakumaanishi kwamba mlaji ataugua, na duka rasmi si lazima liwe salama kuliko kibanda. Hatari hupungua kwa kuosha mikono, kutenga kisu cha matumbo na kisu cha nyama, na kupika hadi moto ufike ndani.

Mengi ya hayo mteja anaweza kuyaona akisimama kaunta dakika tano. Je, anayekata nyama ndiye anayepokea noti, au kuna mtu mwingine wa pesa? Gogo limekwanguliwa? Mutura, ile soseji ya matumbo, inapikwa mbali na kulabu? Friji ya nyuma inanguruma au imekuwa kabati la soda? Akiridhika, siku ya Alhamisi anaweza kusema: "Boss, niwekee kilo mbili za paja, usinipe leo. Ziache kwenye baridi, nitazichukua Jumamosi." Mwenye bucha atamtazama kwa mshangao mara ya kwanza. Mara ya pili atakuwa ameshaandika jina lake kwenye kipande cha karatasi ya kaki na kukichomeka kwenye kulabu.